Nani Afagie Baraza?

Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hukutana Chukwani, kusini ya mji, upande ule ule wa pwani ambako Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alijenga kasri lake la mapumziko. Mwenye kusikiliza mijadala ya humo hukutana mapema na ada moja inayostahiki kutazamwa. Mjumbe akitamka neno lisilofaa, huambiwa afute kauli. Husimama mbele ya wenziwe akaifuta, au hukataa na kuikabili adhabu ya kanuni. Neno limesikika, aliyelisema anajulikana, aliyetaka lifutwe anajulikana, na sababu imetajwa. Hata inapoamriwa kwamba maneno fulani yaondolewe katika kumbukumbu rasmi, amri yenyewe hutolewa kwa sauti, na waliohudhuria huondoka wakijua kwamba pana kitu kilichoondolewa.

Si bure kwamba chombo hicho, kilichoanza kazi mwaka 1980, kilipewa jina la baraza. Kabla ya neno hilo kuvaa joho la dola lilikuwa ni jiwe: kile kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, ambacho msafiri wa Mji Mkongwe hakikosi kila anapokata kichochoro. Hapo hukaliwa baada ya Alasiri na baada ya Isha. Muuza kahawa hupita na deli lake, dhumna hupigwa, habari za mjini huchambuliwa hadi mifupa. Baraza ni la mwenye nyumba, lakini kikao ni cha waliokaa. Na mwenye nyumba, asiyepewa cheo wala mshahara na mtu, huwa ndiye mlinzi wa adabu ya mahali pale. Akija mwenye kutembeza hirizi na dawa za nguvu, ataambiwa kwa upole kwamba hapa si gulioni. Akija aliyelewa na matusi mdomoni, atashikwa mkono na kusindikizwa hadi kwao. Akija mwenye rai inayopingana na ya wote, atasogezewa kikombe, apate kusema vizuri. Hao ni wageni wa namna tatu, na hakuna mwenye baraza wa Malindi, wa Shangani wala wa Mkunazini aliyepata kuwachanganya.

Waandishi wa leo wanawachanganya. Tangu ilipowezekana kwa kila mtunzi kuwa na ukurasa wake mwenyewe katika intaneti, na chini ya kila utungo pakawa na nafasi ya msomaji kujibu, watunzi wa Kiswahili wamepata baraza refu kuliko yote yaliyopata kujengwa kwa chokaa. Mtu wa Makunduchi hukaa hapo bega kwa bega na mtu wa Maskati na mtu wa Toronto. Lakini wenye mabaraza hayo aghlabu wameyaacha bila ya mwenyewe, na baraza lisilo mwenyewe hufagiwa na kila anayeshika ufagio. Mashine imeshika wake. Serikali imeshika wake. Na khofu ya mtunzi mwenyewe, ambayo ndiyo iliyo mbaya kuliko hizo mbili, imeshika ufagio mkubwa zaidi.

Ianzwe na taka, madhali ndizo zinazotolewa kuwa udhuru wa kila jambo.

Ujumbe taka una historia inayojulikana. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta ya Marekani, alipeleka tangazo lake la biashara kwa watu karibu 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET, wasiokuwa wamemuuliza lolote. Mwezi wa Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona walibandika tangazo la huduma zao za bahati nasibu ya Green Card katika maelfu ya vikundi vya mazungumzo, vikiwemo vilivyokuwa vikijadili mambo yasiyohusiana kabisa na uhamiaji. Bahati nasibu hiyo watu wengi wa pwani hii wanaijua, na wengine wameshajaza fomu zake zaidi ya mara moja. Zama hizo mtupa taka alikuwa bado anataka asomwe. Baadaye hata hilo halikuhitajika. Mitambo ya kutafutia habari ilikuwa ikiupa ukurasa daraja kwa kuhesabu ni kurasa ngapi nyengine zinazouelekea. Kwa hiyo wauza vidonge na wachezesha kamari waliunda programu za kuzunguka usiku kucha na kubandika anwani zao chini ya kila andiko duniani, ili mtambo uhesabu. Msomaji hakuwa na kazi yoyote katika shughuli hiyo. Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama maalumu ya kuuambia mtambo usizihesabu anwani za namna hiyo. Taka hazikupungua, kwani kuzitupa kunagharimu karibu na bure, na mtu asiyelipia chambo hasumbuliwi na samaki wasiokula.

Taka za Kiswahili zina sura yake. Mganga kutoka mbali atamrudisha mume aliyehama, tena kwa siku 3. Mkopo unapatikana bila ya dhamana. Milango ya Freemason iko wazi kwa mwenye kutaka utajiri, na namba ya simu ni hii hapa. Binamu yao wa karibu ni ule ujumbe mashuhuri wa simu unaomtaka mtu atume "ile hela" kwenye namba nyengine, ambao haukufa hata baada ya laini za simu Tanzania kutakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole hadi Januari 2020. Na pana aina nyengine iliyo ya kuchekesha kwa mwenye sikio la lugha: sifa zilizofasiriwa na mashine, zinazomwambia mwandishi kwamba makala yake ni ya ajabu sana, imeeleza kwa uzuri kile hasa kilichokuwa kikitafutwa, na kwamba msemaji ameihifadhi ili arudi tena. Huzikuta sifa hizo chini ya tanzia. Mfasiri yeyote ataitambua lugha hiyo mara moja: kila neno ni la Kiswahili, na hakuna hata sentensi moja ya Kiswahili.

Hapo ndipo ilipo alama ya taka. Si ubaya wa maneno yake, wala si ujinga wake. Taka haimsemezi mtu. Iondoe chini ya tanzia uiweke chini ya maelezo ya kupika bokoboko, haitabadilika wala haitahitaji kubadilika, kwa sababu haikuja kumwambia yeyote neno lolote na haingoji kujibiwa. Kwa hiyo kuifagia hakumdhulumu mtu. Na ifagiwe kwa mkono, ifagiwe kwa chujio la mashine, ifagiwe usiku na mchana. Juu ya hili hapana haja ya mjadala, na mtunzi anayelalamika kwamba taka zimemshinda anatakiwa kwanza aulizwe mara ya mwisho aliufagia ukurasa wake lini.

Lakini sikiliza namna neno lenyewe linavyotumika katika vikao vya waandishi. Mtunzi ametoa shairi. Msomaji mmoja ameandika kwamba kina cha kati kimevunjika katika ubeti wa nne. Wa pili ameuliza iwapo neno alilolitumia mtunzi kwa maana ya tanga ndilo wanalolitumia mabaharia, au amelitoa katika kamusi. Wa tatu amesema wazi kwamba shairi limemchosha. Asubuhi ya pili majibu hayo hayapo. Akiulizwa, mtunzi hujibu kwa masikitiko kwamba watu wamezidi kutupa taka. Wengine hawafuti, hufunga nafasi ya majibu moja kwa moja, na chini ya utungo pakabaki ile kauli fupi kwamba maoni yamefungwa, mfano wa nyumba iliyobomoa baraza lake kwa sababu siku moja mlevi alilala hapo.

Huu ni uwongo, na uitwe kwa jina lake. Aliyesema kina kimevunjika amemsemeza mtu. Alisoma, alihesabu, alijihimu kuandika, na alichokiandika hakifai kuwekwa popote pengine isipokuwa chini ya ubeti ule wa nne. Hakuna jibu lililo mbali zaidi na taka kuliko hilo. Ikiwa lazima itafutwe taka katika majibu ya waungwana, basi itafutwe katika yale yanayoachwa yabaki: "hongera sana mwalimu", "kazi nzuri, endelea", "umetisha", yaliyoandikwa na marafiki ambao hawakufika ubeti wa pili. Hayo nayo yanafaa kuwekwa chini ya utungo wowote. Tofauti yake na sifa za mashine ni kwamba sarufi yake ni sahihi.

Ushairi wa Kiswahili, katika fani zote, ndio uliokuwa na haki ndogo kabisa ya kufanya hivyo, kwani ulilelewa kwa majibu. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa hazifahamiki sawasawa pasipo kujua alikuwa akimjibu nani, na malenga wa Lamu walikuwa wamesema nini kabla yake. Waliozihifadhi walijua kwamba pamoja na utungo lazima pahifadhiwe kisa chake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilikuwa mali ya serikali ya kikoloni na lilikuwa na mipaka ambayo kila mtu aliijua. Hata hivyo kurasa zake za mashairi zilikuwa ni uwanja wa watu kuulizana, kutegana mafumbo na kukosoana, na mtunzi aliyekosolewa alijua namna moja tu ya kulipa, nayo ni kutunga tena na vizuri zaidi. Barua ilikwenda kwa meli na kwa gari moshi, jibu likachukua wiki au miezi. Leo jibu hufika kabla kahawa haijapoa, na mtunzi wa leo hulifuta kabla kahawa haijapoa.

Hasara yake si ya adabu peke yake. Kamusi za lahaja zilizotolewa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, zisingewezekana bila ya wazungumzaji wenyewe kukubali kuulizwa na kusema. Msomaji wa Nungwi au wa Jambiani anayeandika chini ya hadithi kwamba kwao kifaa kile hakiitwi hivyo, kinaitwa hivi, anatoa bure kitu ambacho mtafiti wa chuo kikuu angekiombea ruzuku. Akifutwa mara moja, harudi. Neno lake hubaki naye, na huenda likazikwa naye. Mwandishi hatajua amepoteza nini, na hiyo ndiyo raha ya kufuta.

Sasa ndio iangaliwe serikali, ambayo haikuingia barazani kwa kuvunja mlango. Iliukuta wazi, na waandishi wenyewe wakisema kwa sauti kubwa kwamba majibu ya watu ni balaa.

Machi 2018 zilitolewa Tanzania kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye ukurasa alitakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya mwanzo na 1,000,000 za leseni ya kila mwaka. Jumla yake 2,100,000 kabla hajaandika mstari mmoja. Alitakiwa awe na nyenzo za kuchuja maneno yaliyokatazwa, na akiarifiwa kwamba pana maneno ya namna hiyo, ayaondoe ndani ya saa 12. Adhabu ya kukiuka haikuwa chini ya shilingi 5,000,000 au kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Kanuni hizo zilibadilishwa kwa nyengine mwaka 2020, na hizo nazo zikarekebishwa 2022. Lakini msingi uliowekwa 2018 unastahiki kutazamwa kwa macho makavu, kwani ni msingi unaoweza kurudi kwa sura yoyote na katika nchi yoyote. Ulisema hivi: mwenye baraza ni mdhamini wa kila anayekaa, na amri ya nani aondoke haitoki kwake. Anabaki na ufagio bila ya hiari. Msomaji afikiri mzee mmoja wa Mkunazini anayetakiwa kulipia leseni ya kiti cha mawe alichojengewa na babu yake, kisha akapewa saa 12 za kumfukuza mgeni ambaye yeye hakuona kosa lake.

Waliotetea kanuni hizo walisema shabaha yake ni kulinda heshima za watu. Huenda wengine wao waliamini. Lakini ada ya 2,100,000 haimzuii mwenye matusi, ambaye hana ukurasa wala hahitaji kuwa nao. Humzuia mwalimu wa skuli anayetaka kuandika juu ya ngano za kijiji chao. Juni 2018, mamlaka ilipowataka wasiosajiliwa wasitishe kazi, JamiiForums, lililokuwa miongoni mwa mabaraza makubwa kabisa ya mazungumzo ya Kiswahili, lilinyamaza kwa siku kadhaa. Mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikuwa ameshakamatwa tangu Desemba 2016, na katika mashtaka yaliyomkabili lilikuwemo la kukataa kuwapa polisi habari za watu walioandika humo. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika kesi moja ya kuzuia upelelezi, akatozwa faini ya shilingi 3,000,000. Katika adabu ya kale ya pwani, mwenye kumtoa nje mgeni wake akamkabidhi kwa wanaomtafuta angepata tabu ya kutazamana na majirani. Sheria ikaja ikageuza: tabu ikawa ni ya aliyekataa.

Zanzibar nayo ina kumbukumbu yake. Gazeti la Dira, ambalo wasomaji wa visiwani walilipokonyana kila wiki, lilipigwa marufuku Novemba 2003, mwaka mmoja hivi tangu lianze. Mhariri wake, Ali Nabwa, alikufa 2007. Sheria ya magazeti na vitabu ya 1988 ndiyo iliyokuwa ikitumika, na kwa miaka mingi waandishi wa habari wa visiwani wamekuwa wakidai ibadilishwe. Kila linapotajwa suala hilo, macho huelekezwa Chukwani, na ni haki yaelekezwe. Lakini wale wanaotaka wawakilishi wao wavumilie kusemwa, nao wana kurasa zao. Mtu aliyefuta kosa la kina kwa sababu limemwudhi anatumia hoja ile ile ya waziri aliyefunga gazeti, ila yeye hakuhitaji muhuri.

Pana hoja moja ya upande wa pili ambayo haifai kupitwa mbio, kwa sababu ina damu ndani yake. Watu wazima wa Unguja wataisema kwa kifupi: Juni. Katika zile zama zinazoitwa Zama za Siasa, tangu 1957 hadi 1964, magazeti yalikuwa mengi kwa nchi ndogo, na kalamu zilikuwa kali. Mwongozi, Afrika Kwetu na mengineyo yaliandika juu ya asili za watu, juu ya nani mwenyeji na nani mgeni, kwa lugha ambayo mtu akiisoma leo humsisimka mwili. Uchaguzi wa Juni 1961 ulipofika, watu 68 waliuawa katika ghasia. Ni nani basi, huulizwa, atakayesema kwamba maneno yaachiwe tu?

Hakuna anayesema yaachiwe tu. Baraza lina mwenyewe. Lakini hoja hiyo inapoletwa kuwa ni dalili ya hatari ya kujibiwa, inasomwa kinyume. Maradhi ya magazeti yale hayakuwa kwamba wasomaji wa upande mmoja walipewa nafasi katika kurasa za upande wa pili. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa adimu. Kila kambi iliandika habari za kambi nyengine kwa ajili ya watu wake wenyewe, ikashangiliwa na watu wake wenyewe. Walisemana, hawakusemezana. Mfano wake wa baadaye ni mbao za maskani za siasa, ule wa Kisonge pale Michenzani ukiwa mashuhuri kuliko zote: huandikwa kwa chaki maneno ya kumkata mpinzani, mpita njia akayasoma, akacheka au akauma meno, akaenda zake. Ubao hauna mahali pa jibu. Anayeulinda huulinda usifutwe na usiongezwe. Na ukurasa wa mtunzi uliofungwa majibu, hata ukiwa umejaa tenzi za mapenzi na mawaidha, umejengwa kama ubao ule na si kama baraza.

Tusi ni jambo jengine tena, na hapa panatakiwa insafu. Mtunzi mwanamke aliyetumiwa maneno juu ya mwili wake, au aliyetishiwa, ana haki ya kuufunga mlango leo hii na asiulizwe na mtu kwa nini. Wenye kumpa nasaha za uvumilivu wengi wao hawajapata kutumiwa hata robo ya maneno hayo. Tusi la namna hiyo halitafuti kusemezana; linataka mtu aondoke, na mwenye nyumba hana deni kwa anayekuja kumtoa nyumbani kwake. Vile vile uchochezi wa kabila na wa dini: uondolewe, na usingojewe hadi serikali iandike barua. Lakini pana ukali mwengine ambao si tusi, ni ukali tu, na wazee walishasema kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi, yaani mwenye kuingia uwanjani asitarajie kuchaguliwa maneno laini. Mtunzi aliyekomaa huujua mpaka huo. Asiyeujua atajifunza kwa kujibiwa, na hakuna skuli nyengine.

Linalotakiwa si zito. Mwenye ukurasa aseme mwanzoni, kwa sentensi tatu, ni nini kitakachoondolewa humo, kisha ashikamane na aliyoyasema. Chujio la mashine liwekwe, lakini lisiachiwe hukumu. Vichujio vingi vilifunzwa kwa lugha za wengine, na si ajabu jibu refu la Kiswahili safi likawekwa kapuni huku tangazo la mganga likipita. Kwa hiyo kapu litazamwe kabla ya kumwagwa, kama mpishi anavyotazama pumba za mchele kabla hajazitupia kuku. Likiondolewa jibu la mtu, pabakishwe mahali pake neno moja la kusema kwamba pameondolewa jibu, na kwa sababu gani, kama afanyavyo Spika. Aliyekosoa kwa jina lake ajibiwe kwa jina lake. Asiyetaka kutaja jina aachwe, maana nchi hii ina watu wenye sababu nzuri za kutotaja, yapimwe aliyoyaandika. Na mwenye kazi nyingi asiyeweza kufagia kila siku afungue majibu kwa wiki mbili kisha ayafunge, akiyaacha yale yaliyokwisha kuandikwa mahali pake. Ni bora kuliko kuufungua ukurasa mwaka mzima kwa waganga.

Na achukuliwe mtunzi mmoja wa kubuni, mwenye nyumba Chukwani, si mbali na pale vinapokatia daladala vinavyotoka mjini. Ametoa shairi lake usiku wa Ijumaa. Jumapili asubuhi anakuta majibu 40. Thelathini na saba ni mikopo, hirizi na kamari. Mawili yanampongeza. La mwisho limeandikwa na mtu asiyemjua, bila ya salamu, nalo linasema kwamba mshororo wa tatu una mizani saba badala ya nane na kwamba mtu wa umri wake angepaswa kuliona hilo. Mkono umeshakwenda kwenye kitufe. Ukali wa lile neno "umri" unatosha kuwa udhuru, na hakuna mtu duniani atakayejua.

Auondoe mkono kitufeni, ausome mshororo kwa sauti, ahesabu kwa vidole. Ni saba. Basi na aandike chini yake kwamba ni saba, amshukuru mtu yule kwa jambo la mizani na amwambie analofikiri juu ya jambo la umri, arekebishe mshororo na auache ule wa kwanza uonekane. Kisha ndio azifagie zile 37.